Mjapani wa Baba, Mchina wa Amiri

Kwai, Lushoto
Jumanne, baada ya alasiri

Kwa mdogo wangu Zuberi,

Assalaam alaykum. Marahaba, ingawa hujaniamkia. Najua ungeniamkia kama ungepokea simu, na ungepokea simu kama isingekuwa namba yangu. Tangu Ijumaa nakupigia, unakata. Nimekuandikia ujumbe, umesoma, alama zimegeuka bluu, kisha kimya. Basi nimechukua karatasi, maana karatasi hukati katikati ya neno. Mwalimu Eliaichi, jirani yetu, anakuja huko Dodoma kwenye semina, na nimemwomba asiondoke hapo kwako mpaka akuone umefungua bahasha. Mpe chai, yeye hana kosa.

Natumaini u mzima wa afya, na wifi yangu Rukia hajambo, na watoto wanaendelea vizuri na shule. Huku mama hajambo, magoti yake ni yale yale ya msimu wa ukungu. Mvua imenyesha vizuri, kabichi zimefunga, karoti tumeanza kung'oa. Mwaka huu mapeasi yamekubali mpaka matawi yanalala chini, nami nimekufungia kapu. Ya juu ni ya wifi na watoto. Ya chini yamebonyea kidogo, hayo ni yako.

Baba anaendelea. Amefungwa hogo la plasta mguu wa kulia, kuanzia pajani mpaka karibu na vidole, na daktari anasema mfupa unashika, ila kwa umri wake tusitegemee atembee kama zamani. Anakula. Anasali amekaa. Anagombana na redio wakati wa taarifa ya habari, kwa hiyo ujue ni yeye yule. Muda mwingi anashinda na simu yake mkononi, na hilo nitalirudia, kwa sababu linakuhusu.

Sasa tuje kwenye lile tangazo lako. Ndugu zangu wengine wamesema ni ujumbe, mimi naita tangazo, maana mkuu wa wilaya mwenyewe huwa anaanza kwa upole kuliko wewe. Umeliweka kwenye kundi la familia, akaliona baba mdogo Kassimu, wakaliona shangazi zetu, wakaliona hata wale binamu wa Tanga ambao wakikutana na mdogo wetu Amiri njiani hawamjui. Umesema pikipiki ya Amiri iuzwe kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Umesema Amiri aondoke nyumbani, aende Dar kwa rafiki yako akabebe mizigo, kwa sababu mtu aliyemvunja baba yake mguu hafai kulala chini ya paa lake. Umesema Jumamosi utafika mwenyewe, baba mdogo Kassimu atakaa mwenyekiti, na jambo litaisha siku hiyo hiyo ili Jumapili urudi kazini. Umepanga ratiba ya kumfukuza mdogo wako kama mtu anayepanga safari ya basi.

Halafu, kama vile hayo hayatoshi, ukatushushia somo la pikipiki. Kwamba ulisema tangu mwanzo. Kwamba pikipiki ni ya Kijapani, nyingine zote ni baiskeli zilizofungwa injini. Kwamba Mjapani akitengeneza breki anamfikiria binadamu na Mchina akitengeneza breki anafikiria soko. Kwamba kama Amiri angesubiri apate Mjapani aliyetumika, kama wako, baba leo angekuwa anatembea. Somo refu, Zuberi, na wajomba wakakupigia makofi ya vidole gumba. Nina hasira nawe mpaka nikikanda unga mama ananiambia niuonee huruma.

Na usidhani nakataa habari ya Mjapani. Nani akatae, katika nyumba hii? Mimi nimekua nikisikia ile pikipiki ya baba ikipanda kutoka bondeni, na mama akisikia mlio wake alikuwa anajua aweke maji ya kuoga jikoni sasa hivi au asubiri kidogo. Baba alikabidhiwa ikiwa tayari imechoka, mradi wa kilimo ulipofungwa na wageni wakaenda kwao, na bado akazunguka nayo kazi yote ya ubwana shamba, Bumbuli, Mponde, kote kulikokuwa na njia na kusikokuwa na njia. Ilitumbukia mtoni kule Mponde ikiwa na baba na gunia la mbegu za viazi. Wakulima wa chai wakaivuta kwa kamba, baba akafungua plagi, akaipangusa kwa kanzu, akapiga kiki, ikawaka. Ndiyo iliyobeba kondoo wa akika yako. Ndiyo iliyobeba sanduku lako la bati ulipokwenda sekondari, wewe nyuma umelishikilia, unalia, na hili la kulia hujawahi kuwaandikia binamu wa Tanga.

Lakini iko wapi leo? Iko stoo, karibu na jiko, na kuku mwekundu anatagia kwenye kiti chake. Haikufa kwa uzee. Ringi za pistoni zilipoisha baba alitafuta spea orijino Lushoto, akatafuta Korogwe, akatafuta Tanga, mwisho akauziwa za bandia ndani ya boksi zuri lenye maandishi ya Kijapani. Hazikumaliza hata mwezi, zikakwangua silinda yote. Kwa hiyo Mjapani wetu ni mzuri kweli, ila mkulima wa Kwai hawezi kupanda sifa zake kwenda nazo mnadani.

Mchina wa Amiri ni jambo lingine, nakubali. Ile pikipiki imeacha kitu kila kona ya barabara hii. Indiketa ya kushoto ilidondoka Magamba, kioo cha pembeni kikaenda na mti wa mtu, spoku zinakatika kama sindano za cherehani, na Amiri akipita watoto wanasikiliza leo kinagonga nini. Ila spea yake iko kwenye duka lile lile tunaponunua chumvi. Ikiharibika asubuhi, mchana inatembea. Kila siku alfajiri inapakia madumu ya maziwa ya nyumba zote za upande huu na kuyafikisha kituoni Lushoto kabla hayajaganda, na miongoni mwa madumu hayo kuna la mama yako. Tangu ajali haijatembea. Maziwa yanayobaki tunawapa ndama, na wanawake wa huku wananisalimia kwa adabu ya mtu anayetaka kuuliza jambo.

Hapa kijijini pikipiki yetu imekuwa kama mpira wa Simba na Yanga. Pale kwenye kijiwe cha bodaboda wapo walio upande wako, wanasema Mchina ndiye aliyemvunja mzee. Wako wengine wanasema hapana, ni Amiri, dereva mbovu hata umpe ndege. Stephano, fundi wa pale sokoni, amepigwa maswali mpaka ameweka pamba masikioni. Na kila wanapobishana Amiri anapita katikati yao kwa miguu, amebeba dawa za baba. Mtu mmoja alimwambia usoni kwamba kama ni yeye asingethubutu kurudi nyumbani. Akasema asante, akaendelea kupanda.

Akifika nyumbani ndiye anayemwogesha baba. Mimi baba hakubali nimwogeshe, na mama hana nguvu ya kumgeuza. Amiri anamnyanyua, anampeleka chooni, anamsubiri nje ya mlango, anamrudisha. Huyo ndiye unayesema hafai kulala chini ya paa lake.

Zuberi, nimezunguka kiasi cha kutosha. Kaa chini, kama umesimama.

Siku ile Amiri hakuwa kwenye pikipiki.

Mzee Aron, yule aliyekuwa bwana shamba pamoja na baba, alifariki Mombo, nasi tukawa tunakwenda msibani. Amiri alikuwa shamba la chini anapiga dawa viazi, na tulikubaliana akimaliza ampeleke baba, mimi nifuate kwa gari. Baba akasema mazishi hayamsubiri mtu anayepiga dawa. Akachukua ufunguo kwenye msumari ule wa mlangoni, akachukua helmeti ya Amiri, akaitoa pikipiki mwenyewe. Nilimwambia tusubiri. Akaniuliza ni nani aliyemfundisha nani kupanda pikipiki katika nyumba hii. Nikapanda nyuma, nikashika kapu la unga wa rambirambi.

Mpaka Soni alikwenda vizuri. Kila mteremko alikuwa anashuka kwa gia ile ile ambayo angepandia, injini inamzuia, breki anaigusa kidogo tu, kama alivyoshuka maisha yake yote. Wewe unajua. Sote tumelelewa na hiyo sheria yake, hata baiskeli alikuwa akitufokea tusiiachie. Nikatulia, nikaona kumbe nilikuwa na wasiwasi wa bure.

Tulipopita Soni, barabara ilipoanza kujitupa kwenda Mombo, nilimwona ananyoosha mkono. Akazima swichi. Akaitoa gia, akaweka fri.

Nilidhani imezimika. Hakukuwa na mlio wowote, Zuberi, nilisikia maji ya bondeni, nilisikia upepo kwenye mtandio wangu. Na baba akaanza kucheka. Sijamsikia akicheka vile tangu nikiwa mdogo. Akageuza kichwa kidogo akaniambia, "Unaona, Mwajuma? Na mimi naweza."

Sasa kumbuka Idi. Kumbuka vizuri, usiruke. Tulikuwa uani, tumemaliza pilau, wageni wapo, na wewe ukaomba ufunguo wa Mchina wa Amiri ukaitembeze. Baba akakwambia ukifika chini ya Soni ushuke na gia. Ukacheka. Ukamwambia mbele ya wote kwamba huo ni ubwana shamba wa zamani, kuchoma mafuta mteremkoni bure, na kwamba wanaume siku hizi wanazima injini Soni na kuiwasha Mombo. Ukasema wazee woga umewaingia mpaka kwenye magurudumu. Watu wakacheka. Baba naye akacheka, ila mimi nilikuwa nimekaa karibu yake, nikamwona anavua miwani anaifuta, na haikuwa na vumbi.

Ukaenda, ukashuka hivyo hivyo, ukajirekodi kwa simu, mkono mmoja. Ukairusha ile video kwenye kundi na maneno yako ya majigambo, Soni mpaka Mombo bila tone la mafuta. Ukarudi unalalamika kwamba breki za Mchina zinanuka, Mjapani wako hata harufu usingeisikia. Hukujiuliza zinanuka kwa nini. Ulikuwa kijana, mwepesi, peke yako, na Mungu alikuwa na kazi nawe nyingine. Ukapanda basi kesho yake.

Baba akabaki na video.

Sisi tulikuwa wawili, na kapu. Tulipofika zile kona zinazofuatana nikaanza kusikia harufu, kama nguo iliyoachwa chini ya pasi. Nikamwambia baba, breki zinaungua. Kicheko kikaisha. Alikanyaga, nikaona goti lake linashuka mpaka mwisho na pikipiki haina habari. Akabana ya mbele, vile vile. Akafungua swichi, akatafuta gia, gia ikalia kwa chini ikakataa kuingia, akajaribu tena ikakataa. Kushoto kulikuwa na lile bonde, kulia ukingo wa udongo. Baba yako hakupiga kelele. Aliniambia nimkumbatie kwa nguvu, akaipeleka pikipiki kwenye ukingo, akautanguliza mguu wake na ubavu wake yeye, ili mimi niangukie juu yake. Ndiyo maana nina mikwaruzo ya mkono tu. Ulishangaa kwenye simu nilivyopona, ukasema ni bahati. Haikuwa bahati.

Nilimkuta mtaroni, macho yake yapo wazi, unga umemwagika kifuani. Nilidhani atatoa shahada. Akanishika mkono akasema, "Zuberi asijue."

Hayo ndiyo maneno yake ya kwanza, ndugu yangu. Hakuuliza mguu, hakumtaja mama. Nikampigia Amiri, nikamwambia yote nikilia, na hilo neno nikamwambia. Akaja juu ya pikipiki ya mwenzake, bado ana harufu ya dawa ya viazi. Watu walikuwa wamekusanyika, wapita njia wasiotujua, na askari wa barabarani ndiyo kwanza anashuka kwenye gari lake. Amiri akainama, akamfungua baba helmeti taratibu, kisha akaivaa yeye. Askari akauliza dereva ni nani. Amiri akasema ni yeye. Baba akafumba macho.

Nimemgombeza Amiri kuliko ninavyokugombeza wewe. Nimemwambia hii si heshima, ni ujinga, jina lako linachakaa huko kijiweni na kazi yako inakufa. Akaniambia baba ana watoto watatu lakini anayemtambia watu ni mmoja, na kaka akijua, hataweza tena kumtazama baba usoni, na baba hataweza kumtazama kaka. Akasema mguu wa baba utapona, ila hicho hakina hogo la kukifunga. Nimenyamaza mpaka uliposema afukuzwe.

Kwa hiyo Mjapani hayumo humu, wala Mchina hayumo. Ungetuweka mimi na baba juu ya Mjapani wako huyo unayempangusa kwa kitambaa laini, ukazima injini, ukaachia mteremko wote ule kwa breki peke yake, tungeungua vile vile. Labda kona moja mbele. Unasifia chuma cha watu wa mbali, na mtu aliyekufundisha kukitumia ulimfanya achekwe na watu uani kwake, siku ya Idi, akiwa amevaa kanzu uliyomletea wewe.

Nimeasi neno la baba kwa kukwambia, na hilo nitalijibu mwenyewe kwa Mungu. Jumamosi njoo. Kikao kikianza, kabla baba mdogo Kassimu hajafungua mdomo, wewe ndiwe utakayesema kwamba pikipiki haiuzwi na Amiri haendi popote. Namna utakavyolisema, utajua wewe, umesoma. Sitakusaidia. Ukishindwa, nitasimama mimi, na nitaanzia Idi.

Jambo la mwisho, na hili limenishinda kuliko yote. Nilikusudia nikuamuru uifute ile video. Nilikuwa nimeshaandika hivyo, nikaichana karatasi. Nimekwambia baba anashinda na simu. Video hiyo ndiyo anayoitazama. Wageni wakija kumpa pole anawaonyesha, anaikuza picha kwa vidole, anawaambia huyu ni Zuberi wangu wa Dodoma, mwangalieni anavyoshuka, hana woga hata kidogo. Na wao wanamtazama Amiri, aliyekaa pembeni anamsogezea mto chini ya mguu, kisha wanatikisa vichwa.

Kwa hiyo usiifute. Ukifika kaa kitandani kwake, pale pale anapokaa Amiri, umwombe akuonyeshe. Uitazame naye mpaka mwisho. Harufu haisikiki kwenye simu, lakini nataka uitafute.

Mama anakusalimu sana, anasema uje na sweta, asubuhi ni baridi. Baba anakusalimu, amesema nikwambie mguu hauumi. Amiri naye anakusalimu, anakuamkia shikamoo, na amenisisitiza nisisahau kuiandika. Msalimie wifi na watoto, na mwalimu Eliaichi umsindikize mpaka kituoni.

Ni mimi dada yako, bado nina hasira,

Mwajuma